Ule Kule ni Mlima Gani?

Mvua zikishapungua na barabara zikianza kukauka, wageni wa kupanda Mlima Rungwe wataongezeka, na vijana wetu watakuwa wanapandisha watu karibu kila wiki. Nimekusudia mazungumzo ya leo yawe yao hasa, hao wanaoongoza wageni, ingawa mzee uliyeketi na kikombe cha chai pia usiondoke. Nina neno lako mbele.

Mgeni akiwa msituni huuliza kuhusu ndege, kuhusu miti, na kuhusu kipunji, kima wetu. Akifika kileleni, akishapumua, akishakunywa maji na kupiga picha yake mwenyewe, swali hugeuka. Hunyoosha mkono: ule kule ni mlima gani? Na ule wa nyuma yake? Hapo ndipo utamjua kijana anayeijua kazi yake na kijana anayeijua njia tu. Wa pili hujibu haraka, "Ule ni Mbeya," na mgeni akigeukia upande wa pili husikia tena, "Na ule nao ni Mbeya."

Tusimcheke mgeni kwa kuuliza sana, maana kwao amezoeshwa. Wengi wanaokuja kupanda milima huku wametoka nchi zenye milima ya theluji, Uswisi, Austria, Ufaransa, ambako majira ya baridi watu hulipa fedha nyingi kupandishwa juu kwa magari ya kamba ili wateleze kurudi chini. Watu hao hawakupanda kwa miguu, hivyo hawajui wametokea upande gani, na wakifika juu wamezungukwa na vilele vyeupe vinavyofanana. Wenye vituo hivyo vya kuteleza wakaona mgeni asiyejua anachokitazama hachelewi kuchoka. Wakaweka kileleni sahani za chuma au za mawe zilizochorwa mistari, kila mstari ukielekea mlima wake, na jina na urefu vikiandikwa kando. Pengine husimama mtu kabisa, mara nyingi mzee aliyestaafu, kazi yake ni kujibu swali hilohilo kutwa.

Ufundi huo una miaka mingi. Mwaka 1776 mtaalamu wa Geneva aitwaye Horace-Bénédict de Saussure alipanda mlima wa Buet huko Alps, akatafuta namna ya kuonyesha milima yote inayokizunguka kilele kwa mchoro mmoja. Jibu lilikuwa kuichora kwa duara. Mtazamaji anakuwa katikati ya karatasi na milima inapangwa pembeni pande zote, nawe unaizungusha karatasi kadiri unavyogeuka. Mchoro wenyewe ulifanywa na Marc-Théodore Bourrit, ukachapwa katika kitabu cha Saussure mwaka 1779. Sahani za vileleni zilizokuja baadaye ni watoto wa mchoro ule.

Kwetu mchoro huo unapaswa kuwa kichwani mwa anayeongoza. Basi tupande wote kwa mawazo, tusimame juu ya Rungwe, karibu mita 2,960 kutoka usawa wa bahari, tuone kazi yenyewe ilivyo.

Kabla ya milima ya mbali, malizana kwanza na Rungwe wenyewe. Mlima huu ni wa volkano, na juu kabisa si ncha moja kama mtoto wa shule anavyochora mlima. Kuna shimo kubwa la zamani lenye upana wa kilomita kadhaa, ukingo wake wa kusini magharibi ukiwa umebomoka zamani sana, na vichuguu na vilima vidogo vimejiotea humo. Mgeni huona kimojawapo cha hivyo ng'ambo ya shimo akadhani ni mlima mwingine. Mwambie mapema kwamba huo wote ni Rungwe, ndipo umwinue macho.

Halafu anza na maji. Milima hujificha kwenye ukungu na hufanana, lakini Ziwa Nyasa likionekana halifanani na kitu kingine. Liko kusini na kusini mashariki, chini sana, kama mita 475 tu kutoka usawa wa bahari, maana yake unalitazama kutoka juu yake kwa karibu kilomita mbili na nusu. Mgeni akishaliona ziwa amepata dira. Mkono wa kushoto wa ziwa ni mashariki, nyuma ya kisogo chake ni kaskazini, na hapo unaweza kuanza kumtembeza.

Mtembeze kutoka karibu kwenda mbali, usirukeruke. Kusini mashariki, pale jirani kabisa, ni Kiejo. Huu ni mdogo kuliko Rungwe, mita 2,175 hivi, lakini ndio wenye habari ya karibuni zaidi, kwa kuwa ulimwaga lava mnamo mwaka 1800, juzi tu kwa hesabu za milima. Sasa pitisha jicho juu ya Kiejo uendelee mbele kwa mstari uleule. Utafika pembe ya ziwa pale Matema, ambapo ukuta wa milima unaanguka majini. Mstari huo mmoja, Rungwe, Kiejo, Matema, ukishaukariri hautakupotea tena, hata siku ya mawingu mepesi.

Kutoka Matema nyoosha mkono mbele yako, kunja ngumi. Ngumi ya mkono ulionyooshwa hufunika takriban nyuzi 10 za upeo wa macho, iwe ya mtu mkubwa au mdogo, kwa kuwa mwenye ngumi ndogo kwa kawaida ana mkono mfupi pia. Pima kwenda kushoto ngumi nne, tano hivi, na utakuwa unatazama mashariki karibu moja kwa moja, kwenye nyanda za juu za Kitulo. Huko ndiko kwenye hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 2005, ile ya maua ambayo wengi huiita Bustani ya Mungu. Na huko ndiko aliko jirani yetu Mtorwi.

Hapa kwa Mtorwi nitakaa kidogo.

Sisi wa Rungwe tumelelewa tukiambiwa mlima wetu ndio mkubwa kuliko yote kusini mwa nchi. Vitabu havikubaliani kuhusu urefu wake: vingine vinaandika mita 2,953, vingine 2,960, vingine vinapita hapo. Watu wa hifadhi ya Kitulo wanaandika kwamba Mtorwi una mita 2,961, na kwa hesabu yao unaupita Rungwe kwa mita moja. Mita moja tu! Mtu akisimama juu ya Rungwe na mwanawe mabegani, ameshalipa deni.

Lakini simama pale kileleni uutazame huo Mtorwi. Utaapa kwamba uko chini yako. Na jicho lako halina kasoro. Dunia ni mviringo, na kati ya Rungwe na Mtorwi kuna kama kilomita 40. Kwa umbali huo ardhi imeshajikunja kiasi kwamba hata ukizingatia jinsi hewa inavyoupinda mwanga kidogo na kutusaidia, kilele kilicho sawa na chako kitaonekana kama kimezama karibu mita 100 chini ya usawa wa macho yako. Ukisimama juu ya Mtorwi mambo yanageuka, Rungwe ndio unaoonekana mfupi. Kwa hiyo hakuna mtu anayeweza kusimama kwenye kimoja cha vilele hivi na kumaliza ubishi kwa macho. Kijana anayemweleza mgeni jambo hili moja, kwa utaratibu, amemwonyesha kitu ambacho mgeni hakukitegemea. Mgeni ataona mviringo wa dunia kwa kuutazama mlima.

Na umbali ukikua, kuzama nako kunakua kwa kasi zaidi. Tazama kusini kabisa, ng'ambo ya mpaka, upande wa magharibi wa ziwa. Siku safi kweli utaona ukanda mwembamba wa buluu ambao wengi huudhani ni wingu lililolala. Ule ni uwanda wa Nyika wa Malawi, ambao kilele chake cha Nganda kina mita 2,600 na ushee. Mlima mkubwa! Lakini uko kilomita 140 na zaidi kutoka ulipo, na kwa umbali huo mkunjo wa dunia umeuzamisha zaidi ya kilomita moja chini ya usawa wa macho yako. Ukigeuza jicho kulia kidogo, kusini kuelekea magharibi, karibu zaidi, ni vilima vya Mafinga kwenye mpaka wa Malawi na Zambia. Watu wa Zambia wanapotaja mahali pa juu kuliko pote nchini mwao hupataja hapo, mita 2,339. Mgeni akisikia kwamba ametazama nchi tatu kutoka mahali pamoja, hiyo peke yake ni habari ya kupeleka nyumbani. Huku mbele ya Mafinga, upande wetu wa mpaka, ni milima ya Undali katika wilaya ya Ileje.

Kaskazini magharibi ndiko watu wengi wanakokosea, na sababu ninaifahamu. Ngozi, mlima wenye lile ziwa ndani ya shimo lake, uko kama kilomita 20. Kilele cha Mbeya, chenye mita 2,800 na zaidi, kiko kama kilomita 47. Vyote viwili viko karibu upande uleule ukitazama kutoka Rungwe, kimoja nyuma ya kingine, na kilele cha Loleza kiko hapohapo jirani. Hewa ikiwa na vumbi, mabonde ya katikati hayaonekani, na milima miwili iliyoachana kwa kilomita zaidi ya 25 hushikana ikawa mlima mmoja. Hapo usitafute urefu, tafuta rangi. Mlima wa karibu una kijani na unaonyesha miti, wa nyuma yake umegeuka buluu, wa nyuma zaidi ni kijivu chepesi. Hewa iliyo kati yako na mlima ndiyo inayoupaka rangi, na kila kilomita inaongeza mkono mmoja wa rangi. Mwoga wa hesabu anaweza kupanga milima yote kwa rangi peke yake na asikosee sana.

Sasa nirudi kwa mzee niliyemwambia asiondoke.

Kuna ugumu ambao ramani haiuoni. Mlima tunaujua kwa uso wake. Mtu wa Kinyala anaujua Rungwe jinsi unavyokaa ukitazamwa kutoka shambani kwake, migomba mbele na kilele juu. Mpeleke Isyonje aangalie mlima huohuo kutoka upande wa pili, atasitasita. Sasa kijana aliyekulia huku anapanda juu ya Rungwe anaoneshwa Kiejo kwa juu, Ngozi kwa mgongo, na milima ya Makete, upande wa Kitulo, ambayo hajawahi kuikaribia. Nyuso zote ni ngeni kwake. Wazee wanaoyajua majina wanaitazama milima kutoka chini. Vijana wanaofika juu hawana majina. Elimu ipo wilayani, ila imekaa kwenye vichwa vya watu wasiokutana.

Na majina ya milima wanayo wale wanaoamka chini yake. Ule ukuta wa mashariki ya ziwa ramani zinauita Milima ya Livingstone. Livingstone mwenyewe hakufika ncha hii ya kaskazini ya ziwa. Mwaka 1861 alipanda na msafara wake kwa ufuo wa magharibi akageuka kabla ya kufika huku. Jina lake likatundikwa juu ya mlima ambao Wakinga wanalima mgongoni mwake na Wakisi wanafinyanga vyungu miguuni mwake. Sisemi tulifute, limeshazoeleka na mgeni atalikuta kwenye ramani yake. Nasema tusiishie hapo. Kila mwinuko na kila kikorongo cha ukuta ule kina jina, na mwenye jina ni Mkinga wa Makete au Mkisi wa Ikombe, si Mnyakyusa wa Tukuyu, na si mtalii. Vivyo hivyo ukitaka majina ya vilele vya juu ya jiji la Mbeya muulize Msafwa. Ya Ileje, Mndali.

Mnaonidhania ninatukuza mambo ya kale, kumbukeni kipunji. Mwaka 2003 watafiti walimwona katika msitu wa Rungwe baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Mwaka 2005 wakamtangaza, na mwaka 2006 ikathibitishwa kwamba ni jenasi mpya kabisa ya nyani na kima wa Afrika, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa zaidi ya miaka 80. Jenasi ikapewa jina la mlima wetu, na spishi ikabaki na jina lake la kipunji. Jina la wenyeji limo sasa katika vitabu vya chuo kikuu chochote duniani. Kama kima amepata haki hiyo, vilele navyo vinaistahili.

Vijana wataniambia, "Mzee, siku hizi kuna simu." Najua. Kuna programu kama PeakFinder, unainyanyulia mlima nayo inauandikia jina, hata pasipo mtandao ikiwa ulipakua data mapema. Ni chombo kizuri, kitumieni. Lakini kijueni kinavyofanya kazi. Simu haiuoni mlima wowote. Inajua mahali ulipo kwa satelaiti, ina umbo la ardhi lililopimwa kutoka angani, halafu inaiuliza dira iliyo ndani yake inaelekezwa wapi. Dira hiyo hudanganyika kwa kifuniko chenye sumaku, na juu ya mlima wa volkano kuna mawe yenye chuma yanayoweza kuivuta ukiiweka karibu nayo. Kwa hiyo usiilaze simu juu ya jiwe. Ishike mkononi, ielekeze kwanza kwenye kitu unachokijua, Kiejo kwa mfano, uone kama inasema kweli. Ikisema uongo, sogeza mchoro wake mpaka ulingane na mlima. Ndiyo maana nasema lazima uwe na kilele kimoja unachokijua bila simu. Na majina ya humo yamejazwa na watu. Alps wamejaza mpaka kilima cha nyuma ya zizi. Kwetu ni machache, na hayatajijaza yenyewe.

Kuhusu saa na msimu nitakuwa mfupi, mnayajua. Rungwe ni nchi ya mvua, na ziwa linapumua mawingu. Mara nyingi saa nne asubuhi mlima umeshavaa kofia na mgeni aliyepanda taratibu anafika juu akakuta ukungu mtupu. Aliyelala mlimani ndiye mwenye bahati. Kabla jua halijachomoza atazame mashariki, Kitulo na Mtorwi huonekana kama vimekatwa kwa mkasi. Jua likishatoka ageuke, maana sasa Ngozi na Mbeya ndio wanaomulikwa. Juni na Julai hewa huwa bado imeoshwa na mvua zilizopita. Kuanzia Agosti moto wa mashamba na mbuga unaanza, na Nyika hutaiona tena, mwambie mgeni hivyo kabla hajalipia. Ukiona nguzo ya moshi imesimama juu ya maji ya ziwa, usikimbilie kusema meli inaungua, pengine ni wadudu wadogo wa Nyasa wanaoinuka kwa makundi makubwa mpaka wakaonekana kama wingu.

Basi nimalizie na ninaloliomba. Wakala wa Huduma za Misitu, ambao mlima huu uko chini ya uangalizi wao, pamoja na halmashauri yetu, watafute asubuhi moja safi ya Juni, wapige picha ya duara zima kutoka kileleni, waichapishe ndefu kama kitenge. Isifungiwe ofisini. Ipelekwe Kinyala, Isongole, Matema, Makete, Ileje, itandikwe mezani mbele ya wazee, kila mmoja aandike majina ya milima ya kwao. Wakibishana, yaandikwe majina yote mawili. Kisha ndiyo ichongwe sahani ya kuweka juu, na nakala yake ndogo apewe kila anayeongoza wageni, aikariri kama anavyokariri njia.

Na ninyi vijana, wakati tunaisubiri hiyo sahani, kila mmoja ajifunze vilele vitano vya kuanzia: Kiejo, Mtorwi, Ngozi, Mbeya na Nganda wa Nyika. Kwa kilele ambacho hukijui, mwambie mgeni hukijui, uandike kilipo, ukirudi umuulize anayeishi chini yake. Mtorwi nao mmtajie urefu wake kama ulivyoandikwa, mita 2,961, hata kama inawauma.